Uzi: Kinyamadege ananyonyesha, halafu anataga. Kwa nini hakuacha mayai kama mamalia wengine?

#1 Chaki_ya_Makole

Wakuu salaam. Naleta swali ambalo vitabu vya bailojia hulipita kwa sentensi moja: mamalia huzaa, isipokuwa kinyamadege na ekidna, yule mla mchwa mwenye miiba. Basi, ukurasa umefungwa. Mwanafunzi akiuliza sababu, anaambiwa huyo ni nusu ndege nusu mnyama. Jibu hilo ni baya kuliko kunyamaza, maana mtoto anaondoka akiamini kuna viumbe vilivyoshonwa kwa viraka.

Niweke msingi tusije tukapotezana. Kinyamadege, mwogeleaji mwenye domo kama la bata, ni mwenyeji wa mito na mabwawa ya mashariki mwa Australia na Tasmania. Dume kubwa hufika kilo 2 na ushee, jike ni dogo zaidi. Nywele anazo, tena tabaka mbili. Taya la chini ni mfupa mmoja kila upande, sikio la kati lina vifupa vitatu, maziwa yapo. Hapo ni mamalia kamili. Ila bega lake lina mifupa ya ziada inayofanana na ya mjusi, miguu imetanuka ubavuni, na mkojo, kinyesi na mayai vyote vinatokea tundu moja, yaani kloaka. Kundi lao limebaki na spishi 5: kinyamadege 1 na ekidna 4. Ekidna mmoja ni wa mdomo mfupi, yupo Australia na New Guinea. Watatu wa mdomo mrefu wapo New Guinea tu.

Swali langu: kwa nini hawa hawakuacha mayai? Mwenye hoja aje na kiungo na kipimo.

#2 Kizota_Mashine

Mwalimu, tuanze na yai lenyewe, maana watu wakisikia "yai" wanaona trei ya kuku.

Yai la kinyamadege ni dogo kuliko la kwale, lina urefu wa milimita 17 hivi. Ganda halina ugumu wa chokaa. Ni laini, linabonyea kama ngozi, karibu na la mjusi. Hutaga 2 kwa kawaida, mara nyingine 1 au 3, na mara nyingi yamegandana. Jike hujikunja shimoni, mkia umefunika tumbo, mayai yakiwa katikati. Siku 10 hivi, yamepasuka. Kuku anataka siku 21.

Sasa angalieni joto. Mashine ya kutotolesha tunaiweka nyuzijoto 37.5. Mwili wa kinyamadege una 32 tu. Na unyevu ndio hasa wa kuangaliwa: yai la kuku lina ganda la chokaa, lakini hata hivyo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake kwa kukauka kabla ya kupasuka. Yai lenye ganda la ngozi ukiliweka kwenye mashine yenye unyevu wa asilimia 55, unapata kitu kilichosinyaa. Ndiyo maana jike hubeba majani mabichi kwa mkia aliouviringisha, anayaingiza shimoni, kisha anaziba njia kwa udongo sehemu kadhaa. Lile shimo lake ni mashine ya unyevu.

#3 Dokta_wa_Kongwa

Kizota uko sawa, ila umeanzia mwisho. Jambo kubwa linatokea kabla yai halijatoka.

Yai likiachana na ovari lina upana wa milimita 4 hivi, karibu lote ni kiini. Linarutubishwa sehemu ya juu ya mrija wa mayai, kabla ganda halijaanza, kama kwa kuku. Likishuka linavikwa ute mwembamba, kisha tabaka la kwanza la ganda. Mpaka hapo kuku na kinyamadege wanafuatana.

Halafu wanaachana. Kuku anamaliza kila kitu ndani ya saa 24 hadi 26: chakula chote cha kifaranga kimeshafungiwa ndani, chokaa inawekwa juu, yai linatoka likiwa na kibamba kidogo tu cha seli juu ya kiini. Kwa kinyamadege, ganda la kwanza linapitisha virutubisho. Yai linakaa kwenye mfuko wa uzazi kwa wiki kadhaa, tezi za mfuko zinatoa majimaji yenye chakula, yai linayafyonza na kukua kutoka milimita 4 hadi hizo 17 za Kizota, na ganda linaongezwa tabaka nyingine huku likitanuka. Likitagwa, kiinitete kimeshaanza kugawanyika pingili za mgongo.

Kwa hiyo mama anamlisha mtoto kupitia ganda. Huo ni ujauzito wenye ganda. Anayesema "anataga kama ndege" ameruka hatua hii.

Na kwa kuwa lazima mtu atalileta: ndiyo, ovari ya kushoto ndiyo inayofanya kazi, kama kuku. Lakini ekidna, ndugu yake wa karibu, anatumia zote mbili. Kwa hiyo ovari moja si ushahidi wa undege.

#4 Area_D_Usiku

Kizota, kila uzi wewe unaurudisha kwenye mashine ya vifaranga, ila leo umetusaidia. Swali: nimesoma hana chuchu. Mtoto ananyonya wapi?

#5 Mkunga_Mpwapwa

Hana chuchu, ni kweli. Tumboni kuna sehemu mbili za ngozi zenye matundu madogo mengi, kila tundu limeambatana na unywele. Ndani yake kuna tezi kamili za maziwa, na seli za misuli zinazozizunguka zinakazwa na oksitosini, homoni ile ile tunayoizungumzia wodi ya wazazi. Mtoto akisukumasukuma kwa pua, maziwa yanatoka juu ya ngozi. Vitabu vya zamani husema analamba. Kwa ekidna imeonekana ananyonya hasa, kwa kuibana ile sehemu.

Mtoto akitoka kwenye yai hafiki sentimita 2. Hana nywele, haoni, ana jino la yai la kupasulia ganda, na mikono yenye nguvu kuliko miguu. Kinyamadege ananyonyesha miezi 3 hadi 4 shimoni. Ekidna anaweka yai 1 kwenye mkunjo wa tumbo unaofanya mfuko, na mtoto anabaki humo siku 50 hivi, mpaka miiba ianze kuota. Hapo mama anamhamishia shimoni na kumrudia kila baada ya siku kadhaa kumnyonyesha.

Maziwa yanayomwagika juu ya ngozi yana hatari yake. Chuchu hupitisha maziwa moja kwa moja mdomoni. Haya yanagusa nywele, udongo na bakteria wa shimoni kwanza. Maziwa yao yana protini ya kuua bakteria ambayo mamalia wengine hawana. Umbo lake lilitangazwa mwaka 2018, na mkunjo wake haukuwahi kuonekana katika protini nyingine.

#6 Chaki_ya_Makole

Asante Mkunga. Sasa nitoe hoja ya kwanza. Mwaka 2002 mtafiti Olav Oftedal alipendekeza kwamba maziwa hayakuanza kama chakula. Yalianza kama jasho la kulowanisha mayai. Mababu wa mamalia walikuwa na damu yenye joto na mayai ya ganda la ngozi. Ukiatamia yai la namna hiyo kwa mwili mkavu, linasinyaa kama alivyosema Kizota. Ngozi yenye tezi za majimaji inaokoa yai. Baadaye majimaji yakaongezewa mafuta, protini na sukari.

Kwa hoja hii kinyamadege hana la kuacha. Yai na maziwa vilizaliwa pamoja, na yeye anaendelea na mpango wa awali.

#7 Manyoni_Jeni

Sikubaliani kwamba unyevu ulitangulia. Kuna hoja nyingine: ulinzi ndio ulioanza. Sukari ya maziwa, laktosi, hutengenezwa kwa msaada wa protini iitwayo laktalbumini, na jeni yake ilitokana na jeni ya lisozimu, kimeng'enya cha kuvunja kuta za bakteria. Kiko hata kwenye machozi na kwenye ute wa yai la kuku. Kwa hiyo tezi zile zilikuwa zinasafisha ngozi na mayai, lishe ikafuata.

Na kuna jambo la kuhesabika. Kuku ana jeni 3 za vitelojenini, protini kuu ya kujaza kiini. Kinyamadege amebakiwa na 1 inayofanya kazi. Binadamu tuna mabaki tu, yameharibika hayatengenezi chochote. Jeni za kaseini, protini ya maziwa, zipo kwa wote: sisi, kangaruu, kinyamadege. Maana yake maziwa yalikuwepo kabla kiini hakijafutwa. Maziwa yakibeba mzigo wa lishe, kiini kinapungua, yai linakuwa dogo. Ndiyo hilo la milimita 17.

#8 Zuzu_Stesheni

Manyoni, hoja yako inaeleza kwa nini yai ni dogo. Haielezi kwa nini bado lipo.

#9 Mkunga_Mpwapwa

Zuzu kauliza penyewe. Tazameni kinga ya mama. Nusu ya mtoto ni ya baba, kwa mwili wa mama huyo ni mgeni. Ganda linamficha. Ukiondoa ganda, tishu ya mtoto inagusa tishu ya mama, na lazima uwe na njia ya kutuliza kinga. Kwetu kazi hiyo inafanywa na kondo la nyuma, na baadhi ya jeni zinazounda tabaka lake la nje zilitokana na virusi vya kale vilivyoingia kwenye DNA ya mababu.

Kangaruu anaonyesha njia ya kati. Kiinitete chake kina utando wa ganda kwa sehemu kubwa ya ujauzito, unayeyuka kuelekea mwisho, na mtoto anazaliwa muda mfupi baadaye. Kinyamadege hakuwahi kuvua ganda. Hana kondo la kumlinda mtoto, kwa hiyo anamtoa bado amefunikwa.

#10 Dokta_wa_Kongwa

Hoja nzuri, ila ina shimo. Tazama moma, huyu tunayemkwepa mashambani. Anazaa watoto hai, kwa makumi. Koboko anataga. Wote ni nyoka, nyika ni hii hii. Miongoni mwa mijusi na nyoka, kuzaa kumeanza upya zaidi ya mara 100 kwenye koo tofauti. Kama kinga ingekuwa ukuta mgumu hivyo, moma asingevuka.

Upande wa pili, hakuna ndege hata mmoja anayezaa, wala mamba. Kwa hiyo kuna koo zinazovuka kirahisi na nyingine hazivuki kabisa. Swali la kinyamadege liwe: yuko upande wa moma au wa mamba?

#11 Area_D_Usiku

Kwa ovari namuona upande wa kuku, kwa maziwa namuona upande wa mbuzi. Dokta unatuchanganya sasa.

Naomba niulize la sumu. Ni kweli anachoma?

#12 Bahi_Mpunga

Dume na jike wote wana sumu, iko kwenye kucha za mbele.

#13 Dokta_wa_Kongwa

Bahi, hapana, yote mawili. Ni dume peke yake, na ni miguu ya nyuma. Kwenye kifundo kuna kipi, kama cha jogoo (wengine mnaita kikwaru), kina urefu wa sentimita 1.5 hivi na kiko wazi ndani kama sindano. Kinaunganishwa kwa mrija na tezi iliyo pajani. Jike huzaliwa na kipi kidogo, kinadondoka kabla hajatimiza mwaka.

Tezi huvimba msimu wa kupandana, baada ya katikati ya mwaka. Hilo linaonyesha sumu ni ya kugombania majike zaidi kuliko kujilinda. Mbwa amewahi kuuawa nayo. Binadamu hafi, lakini maumivu ni makali, uvimbe unapanda mkono mzima, na mofini haisaidii sana. Kinachosaidia ni kuzuia neva ya kiungo chenyewe kwa dawa ya ganzi. Sumu hiyo ina protini zilizotokana na jeni za kinga, zikanakiliwa na kubadilishwa. Nyoka nao walipita njia ya namna hiyo, kila mmoja kivyake. Asikudanganye mtu kwamba alirithi sumu kwa nyoka.

Ekidna ana kipi pia, ila hakina kazi ya kuchoma.

#14 Mvuvi_wa_Mtera

Nami niongeze la chakula. Anawinda usiku kwenye maji ya tope na hapo hapo anafunga macho, masikio na pua. Anatumia umeme. Anapiga kamba na mabuu shoti, kisha anaokota.

#15 Manyoni_Jeni

Mvuvi, nusu ni sahihi. Hapigi shoti, anasikiliza tu. Kamba akikunja mkia, misuli yake inatoa umeme hafifu, na domo linaunasa. Kuna vihisi umeme karibu 40,000 vilivyopangwa kwa mistari kutoka mbele kwenda nyuma, na vihisi mguso karibu 60,000 vinavyosikia msukumo wa maji. Anapoogelea anapeleka domo kushoto na kulia bila kupumzika, kama mtu anayefyeka. Mwaka 1986 watafiti walizamisha batri ndogo majini. Kinyamadege akaenda nazo moja kwa moja.

Mfano wa kwako mwenyewe: kambare naye ananasa umeme bila kuutoa. Domodomo wa Ziwa Victoria anatoa mapigo hafifu na kusoma yanavyovurugwa na vitu vya karibu. Wale wa shoti hasa wako Ziwa Tanganyika, kambare wa umeme. Kinyamadege yuko kundi la kambare wa kawaida.

Umbali anaupimaje? Wengine wanasema umeme unafika papo hapo na msukumo wa maji unachelewa, ubongo unapima pengo hilo, kama radi na ngurumo. Wengine wanasema anafuata tu upande wenye nguvu zaidi, kichwa kikiyumba. Bado wanabishana.

#16 Mvuvi_wa_Mtera

Nimesahihishwa, asante. Sasa naelewa kwa nini mgono unawamaliza. Kule Australia wana mitego ya kunasia kamba wa mtoni, iliyofungwa juu, mfano wa mgono wetu. Kinyamadege ananasa umeme wa kamba waliomo, anaingia, hatoki. Anazama kwa kawaida nusu dakika hadi dakika moja kisha lazima avute hewa. Mgono uliofungwa ukiwa chini ya maji, dakika chache zinatosha. Jimbo la Victoria lilipiga marufuku mitego hiyo mwaka 2019. Mtego wenye mdomo wazi juu unamruhusu kupanda.

#17 Zuzu_Stesheni

Akishakamata anatafuna kwa nini? Nasikia hana meno na hana tumbo.

#18 Dokta_wa_Kongwa

Chakula anakibeba kwenye mifuko ya mashavuni, anapanda juu, anakisaga kwa mabamba ya keratini, kitu cha jamii ya kucha. Kuna mchanga na changarawe humo humo, vinasaidia kusaga. Mtoto anaota meno machache ambayo hudondoka anapoanza kujitegemea. Jamaa zake wa kale, Obdurodon, walikuwa na meno hadi utu uzima.

Tumbo: umio unaingia karibu moja kwa moja kwenye utumbo, pana uvimbe mdogo usiotoa asidi wala pepsini. Jeni za kazi hiyo zimepotea. Sababu? Wapo wanaotaja ganda la kamba na udongo vyenye chokaa, ambavyo vingezimua asidi, kwa hiyo kuitengeneza ilikuwa hasara. Wengine wanapinga: samaki wengi wamepoteza tumbo bila kula chokaa.

#19 Bahi_Mpunga

Kuhusu kromosomu: ana 10 tu, sivyo?

#20 Manyoni_Jeni

Ana 52. Kati ya hizo, 10 ni za jinsia. Dume ana X 5 na Y 5, jike ana X 10, jozi 5. Mbegu zinapotengenezwa, zile 10 za dume zinashikana mnyororo: X, Y, X, Y mpaka mwisho. Kisha zinaachana kwa zamu, X zote upande mmoja, Y zote upande mwingine. Mbegu inatoka na X 5 au Y 5. Kiungo kimoja kikivutwa upande usio wake, mbegu inapata mchanganyiko na haifai. Kwa mnyororo mrefu hivyo, ajabu ni kwamba kazi inakwenda vizuri.

Kuna la kushangaza zaidi. Jeni ya DMRT1, ambayo kwa kuku iko kwenye kromosomu Z na ndiyo inayomfanya jogoo kuwa jogoo, kwa kinyamadege iko kwenye X mojawapo. Jeni ya SRY inayotufanya sisi wanaume hana. Anayeshukiwa kushika nafasi yake ni jeni ya AMH iliyo kwenye Y. Ekidna wa mdomo mfupi ana Y 4 tu, kwa hiyo dume lina kromosomu 63 na jike 64.

#21 Area_D_Usiku

Ekidna mimi namuona ni kalunguyeye wa Australia. Au nungunungu?

#22 Chaki_ya_Makole

Si hao wala kakakuona wala mhanga. Kalunguyeye, nungunungu, kakakuona na mhanga wote wana kondo la nyuma. Wako karibu na ng'ombe kuliko walivyo karibu na ekidna. Miiba ni nywele zilizogeuka ngumu, na imetokea mara nyingi kwa koo zisizohusiana. Ulimi mrefu wa kulia mchwa vilevile.

Tofauti utaiona ukimtazama nyayo. Miguu ya nyuma ya ekidna imeelekea nyuma, ya kuchimbia na kutupia udongo. Na pua yake ina vihisi umeme pia, ila vichache: wa mdomo mfupi 400 hivi, wa mdomo mrefu 2,000 hivi. Samahani kwa walio na watoto karibu: uume wake una vichwa 4, anatumia 2 kwa zamu.

#23 Kizota_Mashine

Ekidna huyo tungeweza kumfuga Dodoma? Mchwa tunao wa kutosha. Ila nimesoma joto likifika 38 anakufa.

#24 Dokta_wa_Kongwa

Hiyo 38 ni joto la mwili, si la hewa. Wengi wamechanganya. Mwili wake ni 31 hadi 33, na hana tezi za jasho za kumsaidia. Lakini hewani anastahimili zaidi ya ilivyodhaniwa zamani: anapuliza mapovu ya kamasi puani, yanapasuka na kulowanisha ncha ya pua, maji yakikauka damu ya pale inapoa. Mchana analala kwenye gogo au shimoni. Wengine wapo hata kwenye maeneo makavu ya katikati ya Australia, kwa hiyo hewa ya Dodoma peke yake isingemshinda. Kumfuga ni habari nyingine, sheria haziruhusu kirahisi na kuwazalisha utumwani kumewashinda wengi.

Kinyamadege ndiye asiyeweza joto. Manyoya yake yanafungia hewa kavu na yanamlinda kwenye maji ya karibu nyuzijoto 0 kwa saa kadhaa. Koti hilo hilo kwenye maji ya moto ni mateso. Bwawa la Hombolo la Novemba asingelimudu.

#25 Zuzu_Stesheni

Hapo kuna ile habari ya 1943. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliomba kinyamadege hai katikati ya vita. Wakampa jina Winston, akapakiwa melini, akafia baharini kabla ya kufika Uingereza. Ikasemwa ni mshtuko wa mabomu ya kuwinda nyambizi. Wengine wakasema minyoo ilipungua, na huyu mnyama anakula hadi robo ya uzito wake kwa siku. Kumbukumbu za safari zilipochambuliwa miaka ya karibuni, maji yake yalionekana kupita nyuzijoto 27 kwa siku mfululizo meli ikivuka ikweta.

#26 Kizota_Mashine

Kwa hiyo mabomu, njaa au joto. Au vyote vitatu.

#27 Manyoni_Jeni

Turudi kwa swali la Chaki, maana tumetawanyika. Kuna hoja ya maji. Wanyama wenye mfuko walipoingia Australia kutoka Amerika Kusini kupitia Antaktika, wenye kutaga walisukumwa pembeni. Waliobaki ni waliokuwa majini, kwa sababu mtoto wa kangaruu amening'inia kwenye chuchu saa zote. Mama akizama, mtoto anakufa maji. Wanaotaga wanaacha mtoto shimoni na kwenda kuogelea. Kwa hoja hii hata ekidna ni mzawa wa waogeleaji waliorudi nchi kavu. Vihisi umeme puani mwake vinaingia hapo vizuri.

#28 Mkunga_Mpwapwa

Manyoni, na yapoki je? Yule mwenye mfuko wa Amerika ya Kati na Kusini, anazama na watoto mfukoni. Anafunga mdomo wa mfuko kwa msuli, maji hayaingii. Kwa hiyo kizuizi si cha lazima. Na meno ya jamaa wa kinyamadege yamepatikana Patagonia, Argentina, ya miaka milioni 61 hivi. Maji yalikuwepo huko pia, na hakuna aliyebaki.

#29 Dokta_wa_Kongwa

Nami naona tunauliza kinyume. Mayai ndiyo ya zamani. Wanaotakiwa kujieleza ni mbuzi na sisi: kwa nini tuliacha? Taya la Steropodon, mnyama wa kale, lililokutwa Lightning Ridge, Australia, limegeuka jiwe la opali, lina miaka milioni 100 hivi, na ni la ukoo huu. Muda wote huo walikuwa wakiishi vizuri na mpango wao.

#30 Chaki_ya_Makole

Dokta, "ni wa zamani" hakunitoshelezi. Meno yalikuwa ya zamani na wameyaacha. Tumbo vilevile. Jeni 2 za kiini zimekwenda. Ukoo uliotupa vyote hivyo ukabakiza ganda, ganda lina kazi.

#31 Zuzu_Stesheni

Hapa nakuunga mkono mwalimu. Na tusisahau wenyeji wa Australia walikuwa wakisema miaka yote kwamba anataga. Wanazuoni wa Ulaya wakabishana tangu ngozi kavu ilipoelezwa na George Shaw mwaka 1799, naye mwenyewe akishuku imeshonwa. Domo la mnyama hai ni laini na lenye unyevu, likikauka ndipo linakuwa gumu kama la bata, kwa hiyo hata jina la "domo la bata" walilompa Wazungu lilitoka kwa maiti. Mpaka 1884 mtafiti Caldwell alipotuma telegramu ya maneno machache kutoka Australia kuthibitisha mayai, na mwaka huo huo mtafiti mwingine, Haacke, akaonyesha yai la ekidna kule Adelaide.

#32 Bahi_Mpunga

Mwalimu, darasani utalionyeshaje hili la yai kukua ndani ya ganda? Wanafunzi hawataamini.

#33 Kizota_Mashine

Hili ni langu. Chukua yai bichi la kuku, lipime uzito. Lizamishe kwenye siki nyeupe ya dukani, glasi nzima, saa 24. Mwaga, weka siki mpya, saa 24 nyingine. Chokaa yote inayeyuka, unabaki na yai lililoshikwa na utando. Lioshe taratibu chini ya maji kwa kidole gumba. Likipasuka hapo ujue uliharakisha kusugua, chokaa ilikuwa haijaisha. Sasa liweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Asubuhi limevimba, lipime tena mbele yao. Lingine liweke kwenye maji mazito ya sukari, litasinyaa.

#34 Dokta_wa_Kongwa

Zuri sana, ila waambie kabisa kwamba kinachopita hapo ni maji tu, protini na mafuta hayapiti. Kwa kinyamadege chakula chenyewe kinapita. Na mayai hayo yasiliwe, yamekaa siku tatu bila ganda.